Usinisifie Kitabu, Nichagulie

Ndugu mwenyekiti, wakutubi wetu, walimu, wazazi mliokuja na watoto, na nyinyi wapenzi wa riwaya za kifantasia mliojaza viti vya nyuma na kuviacha vya mbele vitupu kama kawaida yetu: asalaam aleikum, na wakubwa wote shikamooni.

Naanza na lawama. Sisi tunaopenda fantasia ni wakarimu kupita kiasi. Mtu akiuliza "nisome nini?" tunammwagia gunia zima: waandishi kumi na wawili, mifululizo mitano, sauti juu, "hicho ni moto, hicho usipokisoma umepunjika." Anaondoka na majina kichwani na mkono mtupu. Au anaondoka na kitabu tunachokipenda sisi, anakilalia wiki tatu, kisha anaanza kutukwepa. Kitabu hakipendekezwi kwa kuwa ni kizuri, maana vizuri ni vingi. Kinapendekezwa kwa kuwa kinamfaa huyu aliyesimama mbele yako leo.

Utamjuaje? Usimuulize "unapenda nini", atakujibu kwa adabu kwamba anapenda chochote kizuri, na hapo hujapata kitu. Muulize kitabu cha mwisho alichokimaliza. Muulize kipi kilimshinda, na alikiachia wapi. Muulize anasomea wapi, kitandani au kwenye daladala. Swali la pili ndilo lenye mali. Sikilizeni mazungumzo ya namna hii:

"Kaka, nitafutie kitabu cha majoka na mapanga."

"Sawa, dada. Kipi kilikushinda karibuni?"

"Kile cha Martin. Nilifika juzuu ya pili nikachoka."

"Majoka yalikuchosha?"

"Hata! Yenyewe yalikuwa matatu tu, tena madogo. Nilichoka na watu. Kila nikimzoea mmoja, sura imekwisha, naanzishiwa mwingine."

Jibu hilo limeshakufanyia nusu ya kazi. Kilichomshinda si unene wa kitabu wala vita, ni kuhamishwahamishwa kutoka kichwa cha mtu huyu kwenda cha yule. A Game of Thrones ya George R. R. Martin, ya mwaka 1996, na juzuu zinazoifuata zimejengwa hivyo: sura inabeba jina la mhusika, nasi tunaona kwa macho yake, kisha tunahamia kwa mwingine. Ukimpa dada huyu mfululizo mwingine wa mtindo huohuo, hata uwe mzuri vipi, atakwama palepale. Anataka hadithi inayomfuata mtu mmoja. Mpe A Wizard of Earthsea ya Ursula K. Le Guin, ya mwaka 1968: sura 10, kurasa zipatazo mia mbili, mtoto mmoja wa mhunzi, mchunga mbuzi wa kisiwa cha Gont. Joka linamngoja sura ya 5, na ni joka kwelikweli.

Niruhusuni nikisimamie kidogo kitabu hicho, kwa sababu msomaji wa pwani anakiingia kwa mlango ambao wengine hawana. Dunia yake ni visiwa. Watu husafiri kwa mashua, na mwenye elimu anaweza kuuita upepo ukajaa tangani mwake peke yake huku bahari nzima imetulia. Kila kitu kina jina lake la kweli, na anayelijua jina hilo amekushika. Kwa hiyo kijana Ged hulificha lake, na watu humwita kwa jina la ndege ambaye sisi tungemwita Kipanga. Mzungu lazima aelezwe kwa nini jina ni hatari. Aliyewahi kusikia mpiga ramli akiuliza "jina lako, na jina la mama yako" haelezwi kitu. Tena Ged ana ngozi nyekundu ya kahawia, na rafiki yake Vetch ni mweusi. Wachoraji wa majalada walimpaka weupe kwa miaka mingi, na mwandishi alilalamika waziwazi. Ukimwazima mtu toleo la zamani, mwambie asiliamini jalada.

Hapo hapo kuna neno la kuchunga. Hicho kitabu ukikitangaza kwa mzazi kuwa ni "hadithi ya mtoto anayejifunza uchawi", utaona uso wake unavyobadilika, na ana haki. Kwa Kiingereza "wizard" anaweza kuwa mzee mwema mwenye ndevu. Kwa Kiswahili mchawi ni mtu mbaya, basi, na anayefanya mema kwa elimu hiyohiyo ni mganga. Sema "mtoto anayesomea uganga, akafanya kiburi, kikamgharimu." Hujamdanganya mzazi, umetafsiri sawasawa. Na majini nayo yana adabu yake. Wengi waliomo humu ndani wanaamini kuwa majini wapo, wametajwa katika Qurani, si mambo ya kubuni. Ukimpendekezea mtu The City of Brass ya S. A. Chakraborty, ya 2017, inayoanzia Kairo ya karne ya 18 na kuishia katika mji wa majini wenye fitina za kifalme, mwambie tangu awali kwamba mwandishi ametunga majini wake mwenyewe. Aamue yeye. Wapo watakaokishukuru na wapo watakaokirudisha bila kukifungua.

Sasa tuje kwenye mlango. Kosa la pili kwa ukubwa katika kazi hii, baada ya kutosikiliza, ni kutaja mwandishi bila kutaja kitabu cha kuanzia. "Soma Pratchett." Haya, Terry Pratchett ana riwaya 41 za Discworld, kuanzia 1983 hadi 2015. Anayetii agizo atachukua ya kwanza, The Colour of Magic, na hiyo ni dhihaka ya riwaya za kifantasia zilizokuwa zikisomwa wakati ule. Asiyezijua hizo hatacheka, atadhani Pratchett ndiye huyo. Mwambie aanze na Mort ya 1987, ambamo Kifo mwenyewe anachukua mwanafunzi wa kazi. Au aanze na Guards! Guards! ya 1989, askari wa jiji walevi na wavivu wanaokabidhiwa kesi ya joka. Nyumba yenye utani juu ya askari haikosi kuipenda hiyo. Small Gods ya 1992 inasimama peke yake bila kutegemea nyingine, ila mungu wa humo amenaswa ndani ya kobe na amebakiwa na muumini mmoja tu. Usimpe mtu usiyejua anavyopokea mzaha wa dini. Na kwa msomaji wa daladala ongeza hili: riwaya nyingi za Discworld hazina sura. Kituo chake kikifika hana pa kuishia, atafunga kitabu katikati ya utani.

Narnia ya C. S. Lewis ina mtego wa namba. Vitabu ni 7, vilitoka kati ya 1950 na 1956. Matoleo ya siku hizi yanavipanga kwa kufuata matukio, kwa hiyo The Magician's Nephew ya 1955 imeandikwa namba 1. Msimwanzishe mtoto hapo. Katika The Lion, the Witch and the Wardrobe msichana anapita ndani ya kabati la nguo, anatokea msituni kwenye theluji, na katikati ya miti anakuta nguzo ya taa inawaka. Nani kaiweka? Hakuna anayemwambia, na kutojua huko ndiko utamu wenyewe. Kitabu kile chenye namba 1 kinaeleza nguzo ilitoka wapi. Mtoto akianza nacho, akifika kwenye theluji atasema "aa, ile taa", apite.

Brandon Sanderson ni wa watu wanaopenda kanuni: wacheza bao, wahasibu, vijana wa hesabu. Waanzishe na Mistborn, juzuu ya kwanza The Final Empire, 2006. Watu humeza vipande vya madini na kila madini yana kazi yake. Chuma huvuta vitu vya madini, feleji huvisukuma, bati hunoa macho na masikio. Ukisukuma sarafu iliyo nyepesi kuliko wewe, inaruka yenyewe. Ukisukuma kitu kizito kilichoshikiliwa na ardhi, unaruka wewe. Msomaji wa aina hii atakuwa anakokotoa mapigano kabla hayajatokea. Kumwanzisha na The Way of Kings ya 2010, yenye kurasa zaidi ya elfu moja, ni kumbebesha mgeni gunia kabla hujamkaribisha maji.

Na mwandishi mmoja si ladha moja. Le Guin huyohuyo, baada ya vitabu vitatu vya Earthsea, cha tatu kikiwa cha 1972, alikaa miaka 18 ndipo akatoa Tehanu, 1990. Humo shujaa wetu amekwishapoteza nguvu zake, na kitabu kinamtazama mwanamke mjane na mtoto aliyechomwa moto. Kwa maoni yangu kinavishinda vyote vitatu vya kwanza kwa uzito, lakini kijana aliyekuja kwa ajili ya majoka ataona ameibiwa. Mwambie akipumzikie miaka kadhaa. Jalada lake liliandikwa kuwa ndicho kitabu cha mwisho cha Earthsea, kisha vikaja viwili vingine mwaka 2001. Nawakumbusha kwa sababu wapo wanaoacha hapo wakidhani wamemaliza.

Wanaonunua vitabu vya mitumba, hapa fungueni masikio. Matoleo mengi yanayofika kwetu ni ya Uingereza, na wachapishaji wa kule hukikata kitabu kinene katikati. A Storm of Swords, juzuu ya tatu ya Martin, ya mwaka 2000, inauzwa kwa vipande viwili vya jalada jepesi: Steel and Snow, na Blood and Gold. Mtu ananunua kipande cha kwanza, anakimaliza, anatafuta "juzuu ya nne", anaruka nusu ya kitabu bila kujua. Kisha anakuja kulalamika kwamba mwandishi haeleweki! Ya tano nayo imekatwa hivyohivyo, na The Way of Kings pia. Kabla ya kulipa, tazama mgongo wa kitabu na ukurasa wa ndani wa jina: kama kuna namba ya sehemu, tafuta mwenzake kwanza. Mtego mwingine ni kitabu kimoja chenye majina mawili. Northern Lights ya Philip Pullman, 1995, Marekani inaitwa The Golden Compass. Akata Witch ya Nnedi Okorafor, 2011, imeuzwa pia kwa jina la What Sunny Saw in the Flames. Watu wamenunua mara mbili.

Mifululizo isiyokwisha nitaipitia haraka. Juzuu ya tano ya Martin ilitoka 2011 na ya sita inangojwa tangu hapo. Patrick Rothfuss alitoa ya pili ya mfululizo wake, The Kingkiller Chronicle, mwaka huohuo, na ya tatu ndiyo hiyo tunaingoja. Mpendekezaji mwaminifu hutaja hilo kabla ya yote, kwa sababu wako wanaoweza kukaa na njaa hiyo na wako wasioweza. The Wheel of Time ya Robert Jordan imekwisha: juzuu 14, kuanzia 1990 hadi 2013. Mwandishi alifariki 2007, na Sanderson akazikamilisha tatu za mwisho. Wengi hulalamikia juzuu ya 10 kuwa haisogei. Ukimwonya mtu mapema atavuka, usipomwonya atatua mzigo hapo.

Nimetaja vya Kiingereza tu mpaka sasa, na najua kuna mtu hapo katikati ameshanuna. Kabla ya swali lolote la ladha kuna swali la lugha: anapumzika kwa lugha gani? Kijana anayesoma Kiingereza siku nzima darasani anaweza kutaka kulala kwa Kiswahili. Na rafu ya Kiswahili ipo, ila tumeiharibia jina kwa mitihani. Kusadikika ya Shaaban Robert, 1951, wengi humu mliikuta kwenye orodha ya shule, mkakariri maudhui na dhamira, mkaizika. Ifukueni. Ni nchi inayoelea angani. Karama ameshtakiwa, na utetezi wake ni kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita: kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, mbinguni na ardhini. Safari sita ndani ya kesi moja. Msomaji wa daladala anayetaka vipande vinavyokamilika, mpe hiyo.

Lakini mimi ningemwanzisha mtu na Adili na Nduguze, ya 1952. Ni nyembamba, inaisha kwa siku mbili. Chimbuko lake ni Alfu Lela Ulela, na inajua kumnasa msomaji: mjumbe wa mfalme anakwenda kwa liwali Adili, mtu mwema asiye na doa, kisha usiku anamwona akiwachapa nyani wawili. Kwa nini mtu mwema awachape wanyama kila usiku? Sisemi. Hapo ndipo pa kukatisha unapompendekezea mtu. Kinachokwamisha ni msamiati. Kiswahili cha Shaaban kina maneno ambayo vijana hawayasikii, kwa hiyo mwazime na kamusi, au mwambie asome sura ya kwanza kwa sauti. Sikio hushika kabla ya jicho.

Anayetaka anga za mbali, mpe Walenisi ya Katama Mkangi, 1995. Dzombo anahukumiwa kufa kwa kurushwa ndani ya chombo, anakiongoza, anatua katika nchi nyingine. Litamkeni jina la nchi hiyo polepole: wale ni sisi. Bina-Adamu! ya Kyallo Wadi Wamitila, 2002, ni safari ya dunia nzima kumsaka mtu aitwaye P.P., na inampendeza msomaji wa magazeti na siasa. Nagona ya Euphrase Kezilahabi, 1990, na Mzingile iliyoifuata 1991 ni vitabu vyembamba vinavyohadaa kwa wembamba wao. Usimpe mtu anayeuliza "kisha ikawaje?" Mpe anayependa mashairi na falsafa, anayeweza kukaa na ndoto bila kudai itafsiriwe. Na mtoto asiyejua Kiingereza bado anaweza kumfuata Alisi wa Lewis Carroll: tafsiri ya Ida Hadjivayanis, Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu, ilitoka 2015.

Kati ya rafu hizi mbili kimesimama The House of Rust cha Khadija Abdalla Bajaber wa Mombasa, 2021. Kiingereza, lakini mifupa ya Kiswahili. Baba mvuvi hajarudi, binti yake Aisha anaingia baharini kwa chombo cha mifupa, pamoja na paka asemaye, na moja ya viumbe wanaomngoja huko ni Baba wa Papa. Mwaka 2022 kilipata tuzo ya kwanza ya riwaya iliyopewa jina la Le Guin yuleyule. Onyo lake ni hili: safari ya bahari haijazi kitabu chote. Watu walioahidiwa mawimbi mpaka ukurasa wa mwisho hukasirika wanaporudishwa mjini kwenye mambo ya posa na majirani. Usiahidi bahari tupu.

Onyo si kuharibu uhondo. Uhondo unaharibika ukisema nani amekufa mwishoni. Onyo linasema mzigo gani umo mlangoni. The Fifth Season ya N. K. Jemisin, 2015, ni ya kwanza kati ya tatu zilizompa tuzo ya Hugo miaka mitatu mfululizo, 2016 hadi 2018. Mwanzoni kabisa mama anamkuta mwanawe ameuawa, na sehemu zake zinasimuliwa kwa "wewe", kana kwamba maiti ni ya mwanao. Kitabu kikubwa, na aliyefiwa na mtoto asipewe bila kuambiwa. Akata Witch niliyoitaja ina msichana wa miaka 12, Sunny, mwenye ualbino, na yeye ndiye shujaa, si wa kuhurumiwa. Kwa shule za Tanzania naona hakuna zawadi bora, tukijua watu wenye ualbino wamepitia nini nchini mwetu. Lakini adui wa humo ni mtu anayeteka na kuua watoto. Mwalimu akisome kwanza yeye.

Ukishachagua, pendekezo lenyewe lisizidi dakika moja. Sema kitabu kimoja, cha akiba kiwe kimoja. Taja kinaanzia wapi, ni juzuu ngapi, zimekwisha au la, kinamkumbusha kitabu gani alichokimaliza, na onyo kama lipo. Usivuke sura ya tatu katika kusimulia. Mpe ruhusa ya kukiacha akifika ukurasa wa 50, na uitamke ruhusa hiyo, kwa maana mtu anayeogopa kukuudhi atakaa na kitabu chako mwaka mzima. Baada ya wiki mbili usiulize "umekipenda?" Uliza "umefika wapi?" Jibu la swali hilo ndilo jibu la swali lako la pili kwa kitabu kijacho.

Naona mikono mitatu imeinuka, na wa kwanza najua anachotaka, kwa sababu Tolkien nimemruka makusudi. Haya. Anza na The Hobbit, 1937, sura 19, inasomeka hata kwa sauti kwa mtoto. Ndipo The Lord of the Rings, iliyotoka 1954 na 1955 kwa juzuu tatu, ila ni riwaya moja, usikae miezi kati ya juzuu na juzuu. Dibaji yake ndefu juu ya mahobiti, wale watu wafupi wa hadithi hiyo, na tumbaku yao iruke, utairudia ukishawapenda. Nyimbo nazo ruka kama hazikuiti. The Silmarillion ya 1977 usimpe mtu yeyote ambaye hajakuomba mwenyewe kwa jina. Na wengi wanaoiacha The Lord of the Rings huiachia sura moja, ile ya baraza la Elrond, sura ya pili ya kitabu cha pili ndani ya juzuu ya kwanza: watu wamekaa kikao na kila mmoja anatoa taarifa yake, kama kikao chetu hiki. Mwambie mwenzako asiifungue usiku wa manane akiwa na usingizi. Aisome mchana, kwa mkao mmoja, maana sura inayofuata wanafunga mizigo na kuondoka.